Pembetatu za Mansuri

Dar es Salaam
20 Aprili 1998

Mdogo wangu Redempta,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla hujamaliza kufungua bahasha. Nilifika salama, ingawa kutoka Manyoni mpaka Dodoma barabara ni mashimo matupu yaliyoachwa na zile mvua za Elinino, na mgongo wangu mpaka leo unalalamika. Mlenda wako umeniharibia mdomo. Hapa ofisini tunaletewa wali na maharage, nautazama tu.

Nawashukuru kwa mapokezi, wewe na shemeji Marko. Mwambie bado nacheka peke yangu kila nikikumbuka ule ukaguzi wa mradi wetu katika yadi ya Mansuri. Nimesimama na kalamu yangu, linakuja lori la kwanza, dereva ananionyesha pembetatu zake mbili nyekundu za kuweka barabarani gari linapoharibika. Safi. Linakuja la pili, linakuja la tatu, na kila mara pembetatu moja ina mguu uliovunjika ukafungwa waya. Lori la shemeji lilipofika niliogopa kumtazama usoni. Malori matano, jozi moja ya pembetatu! Wakati naandika la huku, utingo anazipitisha nyuma ya ukuta kwenda la kule. Jioni nilipomwambia Marko kwamba pembetatu za tajiri wake zinatembea kuliko mbuzi, aligeukia ukutani ili nisimwone anavyocheka.

Usinione mjinga. Niliona, na bado nikaandika kwamba malori yote matano yamekamilika, nikatia saini. Mansuri ni tajiri pekee wa Singida aliyekubali kuyatoa malori yake yakaguliwe. Wengine walinifungia geti. Lazima tuanze na mtu, na wengine watamfuata. Nimempendekeza aingie kwenye kamati ya usalama barabarani ya mkoa, na akishaingia ataona aibu, atanunua jozi nyingine. Ndivyo kazi hizi zinavyokwenda.

Na hii kazi naipenda, Redempta. Wafadhili wetu wanasema iko nchi huko kwao ambako bunge limepitisha mwaka jana kwamba barabarani asife mtu, hata mmoja. Sifuri. Wenzangu walicheka chini kwa chini. Mimi nilimkumbuka baba. Nilikumbuka lile lori la pamba lililomuua pale Sekenke, limeharibika katikati ya njia, na ulinzi wake ni matawi mawili yaliyokwisha kunyauka na kukanyagwa na ng'ombe. Ndiyo sababu nilishikilia mpaka agizo la mkoa likaandikwa hivi: pembetatu kwa kila gari, na matawi ni marufuku. Mtu akiruhusiwa tawi, pembetatu hatanunua.

Salamu kwa watoto. Na kwa yule binti wa jirani aliyeniletea maji ya kuoga, mwambie asome kwa bidii.

Kaka yako,
Chrispin

*

Shelui
11 Mei 1998

Kaka Chrispin, shikamoo.

Sisi wazima. Mvua zimekata, alizeti imesimama vizuri, uwele ndio ndege wanaumaliza. Genge langu linakwenda. Siku hizi kila mwenye kaduka mjini anaagiza lori lililochoka huko nje na kulileta hapa, kwa hiyo wateja ninao, chai inaisha kabla jua halijakolea. Zamani tulikuwa tunayajua malori yote ya ushirika kwa majina ya madereva. Sasa yanapita mengi mpaka kuku wamejifunza kuvuka.

Barua yako nilimsomea Marko kwa sauti. Nilipofika pale pa mbuzi akatoka nje. Wewe unamwita shemeji, umezoea mambo ya Dar, lakini kwake wewe si shemeji. Baba alikuwa amekwisha kufa, ng'ombe za mahari ulizipokea wewe, kwa hiyo wewe ndiye mkwe wake hata kama mnalingana umri. Juzi dereva mmoja alikuwa anawatukana watu wa mradi wako hapa gengeni. Marko aliacha chai yake akaondoka. Nilimcheka sana.

Sasa nisikilize na mimi. Wiki iliyopita lori lilivunjika springi njiani. Marko akakata matawi akayapanga barabarani, vile baba yake alivyomfundisha, mengi na mabichi, kuanzia mbali. Trafiki akaja na pikipiki, akamwandikia faini kwa ajili ya matawi. Mansuri akaikata kwenye mshahara. Marko akamwambia basi tajiri nipe hizo pembetatu. Akajibiwa kwamba ziko mjini zinangoja lori la vitunguu linalokwenda kukaguliwa.

Kaka, matawi umekataza na pembetatu hatuna. Dereva afanye nini, asimame mwenyewe barabarani? Mwambie Mansuri anunue. Wewe atakusikia.

Yule binti aliyekuletea maji ni Martina wa Dina. Amechaguliwa chuo cha ualimu. Dina anatembea kifua mbele, hata chumvi haombi tena, anaagiza.

Mdogo wako,
Redempta

*

Shelui
3 Septemba 1998

Kaka Chrispin, shikamoo.

Sikupata jibu la barua yangu ya mwezi wa tano, nikajua kazi zimekubana. Sijui kama umesikia redioni. Kama umesikia, lile lori ni la Marko.

Ijumaa lilikata ekseli kabla ya kufika Misigiri, pale penye kona na vichaka. Lilikuwa limejaa vitunguu, halikusogea hata kidogo. Matawi aliogopa faini, pembetatu hana. Akavua shati, akatembea kurudi nyuma mpaka kwenye kona, akawa anapunga. Magari yalimwona, yakapunguza mwendo, yakapita. Mchana likaja lori kubwa, nalo likamwona likapita pembeni, na vumbi la mwezi huu unalijua. Nyuma yake kulikuwa na Haisi ya abiria inatafuta kulipita. Dereva hakuona shati, hakumwona Marko, hakuliona lori. Marko anasema alisikia upepo wa ile gari ubavuni mwake, halafu akasikia kishindo.

Wamekufa watu saba. Dereva wa Haisi amekufa. Mwalimu Paulo wa shule yetu amekufa. Martina wa Dina amekufa. Alikuwa anarudi kutoka Singida alikokwenda kununua godoro la chuo. Godoro lilikuwa juu kwenye keria, halikupata hata mkwaruzo. Wamemletea Dina godoro.

Marko yuko mahabusu. Mansuri amewaambia polisi kwamba kila dereva wake alikabidhiwa jozi yake ya pembetatu mwezi wa tatu, na kwamba mradi ulikagua ukaridhika. Kwa hiyo kama Marko hana zake, ameziuza. Amesema amesikia ziliuzwa kwa ajili ya pombe. Marko huyu, ambaye hata togwa ikianza kuchacha anaiweka chini. Madereva wenzake wamenyamaza wote. Nimewaendea mmoja mmoja, wananiambia mama tuna watoto.

Nilikwenda kwa Dina kumpa pole. Hakunifungulia. Nililia pale mlangoni nikarudi nyumbani, na simlaumu.

Kaka, nimebaki na wewe tu. Wewe uliona kwa macho yako kwamba ilikuwa jozi moja. Njoo useme.

Redempta

*

Dar es Salaam
15 Septemba 1998

Mdogo wangu Redempta,

Barua yako ilinikuta natoka kwenye semina. Nimekaa nayo mezani siku nzima, watu wanaingia na kutoka, sisikii wanachosema. Yule binti. Poleni sana. Nilisikia redioni habari za ajali ya Misigiri na niliziandika kwenye taarifa yetu ya mwezi, watu saba, bila kujua naandika watu wa mlangoni kwako.

Mradi una wakili anayetushauri. Nitamwuliza kwa namna ya jumla, bila kutaja majina, sheria inasemaje.

Lakini kabla ya hapo naomba nikuulize jambo, na usinikasirikie. Una hakika kwamba Mansuri hakuwanunulia pembetatu nyingine baada ya mimi kuondoka? Nilimsisitizia, na nilipokutana naye mwezi wa sita kwenye kikao cha kamati aliniambia limekwisha. Inawezekana shemeji alipewa. Inawezekana zilimpotea. Au shida za nyumbani zilimbana akazitoa, na mwanamume si kila kitu anamwambia mke wake. Sisemi ndivyo ilivyokuwa. Nasema tu kabla sijasimama mbele ya hakimu lazima nijue nasimama juu ya nini.

Kuhusu kuja, mwezi ujao wafadhili wanakuja kuupima mradi, waamue kama utaendelea. Siwezi kuondoka sasa. Vumilia kidogo.

Wako,
Chrispin

*

Shelui
28 Septemba 1998

Kaka, shikamoo.

Umeniuliza kama mume wangu ni mwizi. Nimeielewa barua yako, nimeisoma vizuri.

Nimekwenda mahabusu nikamwuliza, kwa sababu umenitia neno moyoni na sikuweza kulala nalo. Nilimwuliza mbele ya askari, Marko, ulipewa pembetatu? Alinitazama kama mtu asiyenijua. Halafu akasema hapana, taratibu, akaniuliza kama watoto wanakula. Nimerudi nyumbani na aibu ambayo sikustahili kuibeba. Ni yako hiyo.

Umekaa kwenye kikao na Mansuri mwezi wa sita, amekuambia limekwisha, na hukumwuliza hata dereva mmoja? Mume wa dada yako ndiye dereva wake! Ungeshuka Shelui ukanywa chai ungepata jibu. Kumbe ulipita hapa kwenda kwenye kikao na hukusimama. Nilisikia kwa watu, nikakataa kuamini.

Sikuombi wakili. Sikuombi useme uongo wala umpendelee mtu. Nakuomba useme maneno haya tu: nilikagua, malori yalikuwa matano, pembetatu zilikuwa jozi moja. Ukisema hivyo, hakimu atajua Mansuri anadanganya, na kama anadanganya kwenye hilo basi Marko hakuuza kitu. Watu saba wamekufa na lazima mtu aulizwe, hilo nalijua, nami ninaishi nyumba ya pili kutoka kwa Dina. Lakini aulizwe aliyewanyima madereva vifaa, si aliyevua shati akapunga.

Marko anasema nisikusumbue. Nimekusumbua bila ruhusa yake.

Redempta

*

Singida Mjini
6 Oktoba 1998

Kwa Mheshimiwa Mratibu wa Mradi wa Barabara Salama, Bwana Chrispin,

Assalaam aleikum. Ingawa najua Mheshimiwa ni Mkristo, salamu ya amani haimchagui mtu. Natumaini barua yangu itakukuta katika afya njema. Nimempa dereva akuletee gunia la vitunguu na debe la asali ya Itigi, kidogo tu, ili wageni wako wa nje wajue mkoa wetu una nini.

Msiba ule umetuumiza sote. Nimepeleka mchele na sukari kwa kila nyumba ya marehemu, na Mungu ndiye anayejua nia. Kijana Marko sina kinyongo naye. Alikuwa mchapakazi. Lakini mali ya mtu akikabidhiwa mwingine na isionekane, mwenye mali afanye nini?

Mheshimiwa, tuzungumze kama watu wazima. Vile vifaa ukiviacha barabarani havifiki jioni. Watoto wanavichukua kuchezea, watu wazima wanavipigilia milangoni kwa uzuri wake. Ndiyo sababu wenye magari wote, si mimi peke yangu, tunavitunza kwa ajili ya ukaguzi. Wewe unalijua hilo, na kwa busara yako ulikagua mbele yetu sote, ukaridhika, ukatia saini. Saini ile ndiyo iliyoniingiza mimi kwenye kamati na ndiyo iliyoupa mkoa wetu sifa. Ikitiliwa shaka, itatiliwa shaka kamati nzima, na mimi ninayekaa ndani yake, na wewe uliyeniweka.

Nimesikia unatazamiwa kwenda masomoni Ulaya. Nyumbani kwangu tunakuombea dua. Hanifa mke wangu anakusalimu, anasema ukija tena usikimbie pilau.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mansuri Kombo

*

Dar es Salaam
4 Novemba 1998

Mdogo wangu Redempta,

Nimechelewa kukujibu na sitatafuta sababu. Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana.

Ni kweli nilipita Shelui mwezi wa sita. Nilikuwa kwenye gari la mradi pamoja na wageni, tukitokea mikoa ya ziwa, na nilitaka kusimama, halafu nikaona wewe umeinama jikoni kwako na moshi, nikasema nitasimama wakati wa kurudi. Wakati wa kurudi tulipita njia ya Dodoma.

Wageni wamekuja na wamekwenda. Wameridhika. Mkoa wetu umekuwa wa mfano, na mwakani agizo linapelekwa mikoa mingine. Redempta, jaribu kuliona hili nilivyoliona mimi. Nikisimama mahakamani nikasema saini yangu ilikuwa ya uongo, hawatasema Mansuri ni mwongo. Watasema mradi wote ni uongo. Mradi utafungwa mwezi huo huo, na barabara zote zitarudi kwenye matawi, na watakufa wengine ambao majina yao wewe na mimi hatutayajua. Nimempoteza baba kwa njia hiyo. Naogopa kuifunga kazi ambayo ingemponya baba wa mtu mwingine. Sijui kama ni woga au ni akili, lakini ndivyo ninavyofikiri, na nakuambia wewe kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Halafu kuna jambo ambalo limenisumbua. Unasema Marko mwenyewe hataki nisumbuliwe. Mtu asiye na hatia, mwenye shahidi, angeng'ang'ania aitwe. Kwa nini shemeji haniiti? Jiulize na wewe.

Hata hivyo nakuja. Mahakama imeniita nije kuelezea agizo la mkoa na maana yake. Nitakuwapo chumbani humo kesi ikisikilizwa, na nikiulizwa nilichokiona, nitasema. Hilo nakuahidi. Nitajibu nitakaloulizwa.

Chrispin

*

Dar es Salaam
25 Januari 1999

Mdogo wangu Redempta,

Nilikutafuta baada ya hukumu. Niliambiwa umeondoka kwa mguu na watoto, nikashindwa kukufuata kwa sababu gari lilikuwa linaningoja. Miaka mitatu. Bado nalisikia lile neno.

Najua unaniona mimi ndiye. Lakini ulikuwapo, ulisikia. Nilieleza agizo kama nilivyotakiwa. Mwendesha mashtaka hakuniuliza habari za yadi ya Mansuri. Nilikaa kwenye benchi, na nikawa nangoja. Nakuapia kwa kaburi la baba, nilikuwa nangoja. Na hakimu akauliza, tena yeye mwenyewe bila kusukumwa na mtu. Alimgeukia shemeji akamwuliza: unasema malori yote yalikuwa na jozi moja, je, yuko mtu yeyote aliyeona hivyo, anayeweza kuja kusema mbele ya mahakama hii? Marko alinitazama. Alinitazama muda mrefu, kila mtu aliona. Kisha akasema, hakuna.

Ningefanya nini, Redempta? Yeye mwenyewe amesema hakuna. Nilielewa pale pale kwamba ameamua. Labda alikuwa na lake moyoni, labda kweli zile pembetatu aliwahi kuzipata. Labda alichoka tu. Nilichukua mkoba wangu nikatoka nje.

Naondoka kwenda masomoni mwezi wa tatu, kwa mwaka mmoja. Kabla ya hapo nataka nigharamie shule ya watoto wote wawili mpaka shemeji atakapotoka. Usikatae kwa hasira. Ni watoto wa dada yangu.

Kaka yako,
Chrispin

*

Shelui
16 Februari 1999

Chrispin,

Barua yako nilikwenda nayo gerezani. Sikumsomea Marko yote. Nilimsomea pale unaposema ulielewa ameamua, nikamwuliza kwa nini alisema hakuna. Mimi nami nilikuwa sijui. Tangu siku ile nilikuwa namkasirikia, nikilala namkasirikia, nikikanda unga namkasirikia. Nilidhani amekata tamaa akatuacha.

Alinijibu hivi, na ninayaandika kama alivyoyasema, sikuongeza chumvi.

Alisema: "Mkwe wangu alikuwa amekaa mbele yangu, amevaa koti, watu wote wanamheshimu. Hakimu ameniuliza kama yuko aliyeona. Nikimnyooshea kidole mkwe wangu, niseme huyu hapa, aliona na akaandika uongo, nimemvua nguo mbele ya baraza. Kwetu hilo halifanyiki. Mkwe humtaji wewe, anajitaja mwenyewe. Nikasema hakuna, ili asimame kwa heshima yake aseme, yupo, ni mimi. Nilimpa nafasi."

Nikamwuliza, na alipokaa kimya? Akasema: "Nilisikia benchi linalia, nikajua anasimama. Nikainamisha macho ili asione aibu wakati anazungumza. Nilipoyainua alikuwa mlangoni."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Wewe ulikuwa unangoja utajwe, yeye anangoja ujitaje, na hakimu naye anaandika. Wewe umezaliwa hapa. Umekaa na wazee wakati wa mahari yangu, umeyasikia hayo yote kwa masikio yako, na ng'ombe ulizipokea. Ulizijua desturi vizuri siku ya kupokea ng'ombe.

Na ile ya kwamba asiye na hatia angekuita kwa nguvu, nimeifikiria sana. Wewe uliyekuwa na hatia uliitwa kwa nguvu na mimi, barua juu ya barua, na hukuja.

Dina alikuja kwangu wiki ya hukumu. Alikaa kwenye kigoda, nikampa chai. Nilimweleza yote, ya yadi, ya saini, ya faini ya matawi. Aliniuliza swali moja tu: kwa hiyo kaka yako alijua? Nikamwambia alijua. Akanywa chai yake akamaliza, akaosha kikombe mwenyewe, akaenda. Siku hizi anapita asubuhi kunisaidia kuwasha moto. Hatuzungumzi sana.

Mansuri ameajiri dereva mwingine. Lori limetengenezwa. Linapita hapa gengeni, na kule ndani sijui kuna nini, na sitauliza.

Shule ya watoto usiihangaikie. Napika chai, na Mungu akipenda tutafika. Wewe nenda huko unakokwenda ukajifunze namna ya kuwafikisha watu kwenye sifuri. Usiniandikie kutoka huko.

Limebaki moja, nalo ni la Marko, si langu. Nilipokuwa naondoka aliniita nirudi kwenye wavu. Akaniambia nikufikishie shikamoo yake, na kwamba usijilaumu, na kwamba akitoka atakuja mwenyewe kukusalimu kama inavyostahili. Bado anakuita baba.

Nimekataa kuibeba. Nilimwambia pale pale, mbele ya askari, kwamba shikamoo yako siipeleki popote. Kama mkwe wako anaitaka, ataifuata mwenyewe. Siku ya kuona wafungwa ni Jumapili.

Redempta